Leonard Kibera: Sauti Tuliyoiacha Gizani

NGUGI wa Thiong'o alipofariki huko Marekani mnamo Mei 28, 2025, nchi nzima ililia. Magazeti yalijaa picha zake, redio zikarudia mahojiano yake ya zamani, na hata watu ambao hawajapata kufungua kitabu chake hata kimoja walikuwa na neno la kusema.

Hiyo ilikuwa haki ya marehemu. Aliandika kwa zaidi ya miaka 60, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akaishi ugenini, na hata uzeeni hakuchoka kuzitetea lugha zetu.

Lakini msiba wa mkubwa mmoja hutukumbusha wengine waliotangulia, ambao hawakuliliwa na nchi nzima. Mmoja wao ni Leonard Kibera, mwandishi wa hadithi fupi, aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kufariki mwaka wa 1983, akiwa bado kijana kwa hesabu ya waandishi.

Litaje jina hilo leo mbele ya mwanafunzi wa shule ya upili, na huenda akadhani unazungumza juu ya kile kitongoji cha Nairobi. Na hali mtu huyu, ingawa alizaliwa Kabete karibu na Nairobi, masomo yake ya upili aliyapata hapa Embu, katika shule ya Kangaru.

Katika makala haya nataka kuonyesha jambo moja. Kumsahau Leonard Kibera na kuwasahau wale watu aliowaandika, yaani wapiganaji wa msituni walioachwa mikono mitupu, ni ugonjwa mmoja. Na dawa yake haiwezi kuwa sherehe na hotuba tu. Ni kuwarudishia wananchi hadithi yao kwa lugha wanayoifahamu.

MTOTO WA HALI YA HATARI

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952, Kibera alikuwa mtoto wa miaka kumi. Hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Kwa hiyo utoto wake wote, tangu umri wa kuchunga mbuzi hadi umri wa kuota ndevu, ulipita chini ya amri za kutotembea usiku, vipande, misako na homgadi.

Wazee wa Embu na Meru hawahitaji kufundishwa mambo hayo. Katika amri za mkoloni, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitajwa kwa pumzi moja. Aprili 24, 1954, askari walipouzingira mji wa Nairobi katika ule msako mkubwa, ni watu wa makabila hayo matatu waliokamatwa kwa maelfu na kupelekwa vizuizini au kurudishwa makwao kwa nguvu.

Mashambani nako watu waliamrishwa kubomoa nyumba zao na kuhamia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo katika eneo zima la Mlima Kenya.

Na huko Mwea, ambako siku hizo kulikuwa katika wilaya ya Embu, palikuwa na kambi ambazo wafungwa walipigwa ili wakiri viapo vyao. Mpunga wa Mwea tunaoupika leo kwa pilau ulianza kwa mifereji iliyochimbwa na mikono ya wafungwa hao. Wangapi kati yetu hulikumbuka jambo hilo sahani inapotua mezani?

Kijana aliyesomea Embu katika miaka hiyo hakuweza kuyaona mambo haya kama historia ya vitabuni. Yalikuwa nje ya ua wa shule.

NDUGU WAWILI, KITABU KIMOJA

Mnamo 1965 mwandishi Taban lo Liyong alilalamika hadharani kwamba Afrika ya Mashariki ni jangwa la maandishi. Wakati ule Afrika ya Magharibi ilikuwa imekwisha kumtoa Chinua Achebe na wenzake, nasi tulikuwa na wachache wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka huo huo likaanzishwa shirika la kuchapisha vitabu la East African Publishing House mjini Nairobi. Katika muda mfupi shirika hilo lilitoa mashairi ya Okot p'Bitek na riwaya ya Grace Ogot, wote mwaka wa 1966. Mnamo 1968 likatoa hadithi fupi za Grace Ogot katika kitabu cha Land Without Thunder. Na katika mwaka huo huo wa 1968 likatoa kitabu kingine cha hadithi fupi kiitwacho Potent Ash, yaani majivu yenye nguvu.

Kitabu hiki kilikuwa cha ajabu kidogo, kwa kuwa kiliandikwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Nusu moja ilikuwa ya Leonard Kibera na nyingine ya mdogo wake, Samuel Kahiga, ambaye baadaye aliandika riwaya kama The Girl from Abroad na pia kitabu juu ya Dedan Kimathi.

Jina la kitabu lenyewe linasema mengi. Majivu ni kitu kilichobaki baada ya moto. Ukiyatazama kwa juu utasema yamepoa, lakini mwenye kuyakanyaga bila viatu ndiye ajuaye. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Hadithi nyingi za ndugu hao zinahusu nyakati za vita vya msituni na siku za mwanzo za uhuru. Hakuna mashujaa wanaopiga kifua. Kuna watu wa kawaida waliobanwa baina ya mkoloni na msitu, baina ya jirani na jirani. Mtu anaogopa usiku, na asubuhi anamwogopa aliyelala naye chumba kimoja.

Baada ya Kangaru, Kibera alikwenda Marekani akasoma katika Chuo Kikuu cha California na kile cha Stanford. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Zambia, kisha tangu mwaka wa 1976 akafundisha Kenyatta, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko ndiko alikokuwa mpaka alipofariki.

Alichotuachia ni hadithi zake fupi, riwaya moja, na maandishi machache ya uhakiki. Si mzigo mkubwa, lakini mzigo mdogo wa dhahabu hushinda gunia la makapi.

NGOTHO NA BIBI WAKE MPYA

Hadithi ya Kibera inayojulikana kuliko zote ni ile ya The Spider's Web, utando wa buibui. Imechapishwa katika mikusanyiko mingi ya hadithi za Kiafrika, na walimu wa fasihi ya Kiingereza huko ng'ambo huifundisha mpaka leo.

Mhusika mkuu ni Ngotho, mtumishi wa nyumbani. Wasomaji watatambua kwamba jina hilo ndilo la yule baba mzee katika riwaya ya kwanza ya Ngugi iliyochapishwa mwaka wa 1964. Ngotho wa Ngugi amenyang'anywa shamba na mzungu. Ngotho wa Kibera amepata uhuru tayari, na hapo ndipo matata yake yanapoanza.

Ngotho huyu aliwatumikia wazungu. Alijifunza kuinama, kufungua mlango wa gari, kuitika haraka. Uhuru ukaja, wazungu wakaondoka, na nyumba ikachukuliwa na Mwafrika mwenzake, Bwana Njogu na mkewe Lois.

Sasa Lois hakuwa mtu mgeni kwa Ngotho. Alimfahamu tangu zamani, akamtazama kwa fahari na kumwekea matumaini kama mmoja wa wale watakaouondoa unyonge wa watu wake. Lakini alipokwisha kukaa katika kiti cha mzungu, Lois akawa na sauti ya mzungu. Anataka kuinamiwa na kuitikiwa vile vile.

Hapo ndipo utando wa buibui ulipo. Nzi akinaswa na buibui mweupe huweza kusema adui yangu ni yule, si mwenzangu. Je, akinaswa na ndugu yake aseme nini? Hadithi inaishia pabaya sana, nami sitamnyima msomaji nafasi ya kujionea mwenyewe.

Tukumbuke kwamba jambo hili liliandikwa hata miaka mitano haijapita tangu bendera ipandishwe. Wakati ule watu wengi walikuwa bado wanaimba. Kibera alikuwa amekwisha kusikia kitu kingine chini ya wimbo.

Na utando huo haujaondolewa. Katika nyumba ngapi za mabwana na mabibi wa leo, mjini Nairobi hata katika mji wa Meru, yuko msichana aliyetolewa kijijini, anayelala jikoni, asiye na siku ya kupumzika, na ambaye mwajiri wake hutoka jioni kwenda mkutano wa haki za wanawake? Ngotho amebadilisha nguo tu.

OMBAOMBA WA ETISARAP

Mnamo 1970 Kibera alitoa riwaya yake, Voices in the Dark, yaani sauti gizani. Humo yumo kijana mwandishi wa michezo ya kuigiza, Gerald Timundu. Na humo wamo ombaomba wawili viwete, Irungu na Kimura, wanaokaa kando ya barabara wakingoja senti za wapita njia.

Ombaomba hao hawakuzaliwa viwete. Walikuwa wapiganaji wa msituni. Viungo vyao waliviacha huko vitani, na sasa wale waliofaidi vita hivyo wanawapita kwa magari.

Barabara yenyewe inaitwa Etisarap. Msomaji akidhani ni jina la mzungu fulani wa zamani, na alisome kinyumenyume. Atapata neno la Kiingereza lenye maana ya kupe. Hivyo Kibera alimwandikia kila mwenye macho: hii ndiyo barabara ya wanyonyaji, na bango lake liko wazi, ila mnalisoma kwa upande usiofaa.

Nakiri kwamba riwaya hiyo si nyepesi. Kiingereza chake kina mafumbo mengi, mizaha mikali, na vijembe ambavyo mtu asiyekaa chuo kikuu hawezi kuvitegua upesi. Katika hadithi fupi Kibera hupiga msumari mmoja mpaka ndani. Katika riwaya hutupa misumari mingi, na mingine huanguka chini. Kwa maoni yangu hadithi fupi ndiyo iliyokuwa jembe lake hasa.

Lakini wale ombaomba wawili hawasahauliki, na hasa kwa sisi wa upande huu wa mlima.

Tuna Irungu na Kimura wetu. Jenerali Baimungi Marete wa Meru alitoka msituni mwaka wa 1963 pamoja na watu wake kuupokea uhuru. Alipoona hakuna ardhi wala heshima waliyotarajia, hakukubali kutulia. Januari 1965 aliuawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru, siyo ya Malkia. Mwenzake, Musa Mwariama, ambaye naye alitoka msituni mwaka wa 1963, aliishi mpaka 1989.

Kibera hakuwa akiandika maisha ya Baimungi wala ya Mwariama. Mwandishi wa hadithi haandiki cheti cha kifo. Lakini msomaji wa Meru akiyasikia maneno ya wale ombaomba, ataijua sauti hiyo imetoka wapi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Na jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui ni hili. Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku na mkoloni, na serikali huru ikaiacha marufuku hiyo vitabuni kwa miaka 40. Iliondolewa mwaka wa 2003 tu. Kibera alipowachora wapiganaji wale kwa huruma mwaka wa 1970, alikuwa anawaandika watu ambao kwa mujibu wa sheria walikuwa bado ni wahalifu.

MAFAILI YALIYOFICHWA

Wapo watakaosema: hadithi ni hadithi tu, tupe historia ya kweli. Hebu tuitazame basi hiyo historia ya kweli ilivyohifadhiwa.

Waingereza walipoondoka walichukua mafaili yao. Yapata mafaili 1,500 kutoka Kenya yalifichwa Uingereza, na mwishowe yakawekwa katika jengo la serikali la Hanslope Park. Kuwapo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka wa 2011, na hapo ni kwa sababu wazee wetu wachache walikuwa wamekwenda mahakamani London kudai haki.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa jumla ya watu 5,228 walioteswa. Septemba 2015 mnara wa kuwakumbuka wahanga hao ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi.

Hesabu, ndugu msomaji. Tangu 1963 hadi 2011 ni miaka 48. Katika muda huo wote karatasi za serikali zilikuwa kimya ndani ya masanduku. Je, ni nani aliyekuwa akisema? Ni wazee waliosimulia usiku karibu na meko, na ni waandishi wachache kama Kibera, ambao vitabu vyao vilikuwa wazi dukani tangu 1968 kwa kila mwenye shilingi na mwenye Kiingereza.

Faili likifichwa, hadithi hubaki. Ndiyo sababu tawala nyingi huwaogopa watunzi wa hadithi kuliko makarani.

Lakini nimesema: mwenye shilingi na mwenye Kiingereza. Hapo ndipo penye kidonda.

MFANO KUTOKA BENGAL

Irungu na Kimura hawangeweza kukisoma kitabu walichoandikwa ndani yake. Hilo si kosa la Kibera peke yake. Kijana wa siku zake alifundishwa kwamba lugha ya fasihi ni Kiingereza, na shule ilimwadhibu aliyenena lugha ya mama yake. Hata hivyo ukweli ni kwamba sauti ile ilibaki gizani kwa wale wale iliyowahusu.

Tutazame nchi nyingine iliyotawaliwa na Mwingereza yule yule. Huko Bengal, India, aliishi mwandishi mwanamke aliyeitwa Mahasweta Devi, aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kufariki mwaka wa 2016. Yeye pia aliandika hadithi fupi juu ya watu walioachwa mikono mitupu na uhuru: watu wa misituni, vibarua, wakulima wasio na ardhi. Hadithi yake mashuhuri, Draupadi, inahusu mwanamke mpiganaji aliyekamatwa na askari wa nchi yake mwenyewe iliyo huru. Mtu wa Embu akisimuliwa, hatahitaji kuelezwa sana.

Tofauti yake na Kibera ni hii. Mahasweta aliandika kwa Kibengali, lugha ya sokoni na ya nyumbani. Kiingereza kilikuja baadaye kwa kutafsiriwa. Dunia ikamfuata kwake, si yeye aliyeifuata dunia, na tuzo kubwa za nchi yake na za bara Asia alizipata.

Tena alifanya jambo jingine. Tangu mwaka wa 1980 alihariri jarida dogo liitwalo Bortika, akalifungua kwa wakulima, wafanyakazi wa viwandani na watu wa makabila ya misituni waandike habari zao wenyewe. Siku moja alipanda gari la kukokotwa, na mkokotaji, Manoranjan Byapari, aliyejifunza kusoma akiwa jela, akamwuliza maana ya neno gumu aliloliona kitabuni. Neno lenyewe lilikuwa na maana ya hamu ya kuishi. Bila kujua alikuwa anamwuliza mwandishi mashuhuri. Mahasweta akamwambia aandike, akamchapisha katika jarida lake. Leo Byapari ni mwandishi mwenye vitabu vingi, na mwaka wa 2021 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la West Bengal.

Fikirieni kama Irungu au Kimura angepata jarida la namna hiyo hapa Embu mwaka wa 1970, kwa Kiswahili au kwa Kiembu, naye akaandika kwa mkono wake yale aliyoyaona msituni! Tungekuwa na maktaba ambayo hakuna Mwingereza angeweza kuipakia katika masanduku.

KISWAHILI KIMEFUNGUA MLANGO

Mtu asidhani kwamba hakuna kilichofanyika tangu siku hizo. Watu wa upande huu wenyewe wamechukua kalamu. Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, aliamua kuandika mashairi na michezo yake kwa Kiswahili, na mchezo wake wa Kifo Kisimani wa mwaka wa 2001 ulisomwa shuleni Kenya nzima. Mwenda Mbatiah, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alihariri mkusanyiko wa Mwendawazimu na Hadithi Nyingine uliotoka mwaka wa 2000. Naye Ciarunji Chesaina alikusanya masimulizi ya Waembu na Wambeere, na kitabu chake kikachapishwa mwaka wa 1997.

Hadithi fupi yenyewe imepata kiti katika mitihani. Kwa miaka mingi sasa kila mwanafunzi wa kidato cha nne hutahiniwa juu ya mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi za Kiswahili. Imepita Mayai Waziri wa Maradhi, ikaja Damu Nyeusi, ikafuata Tumbo Lisiloshiba, kisha Mapambazuko ya Machweo. Hakuna nchi nyingi za Kiafrika zinazowasomesha vijana wake wote hadithi fupi kwa lugha ya Kiafrika namna hiyo.

Ni jambo la fahari. Lakini lina kasoro mbili.

Kwanza, kijana husoma hadithi ili apate alama, si ili aijue nchi yake. Anakariri sifa za wahusika na mbinu za lugha, na mtihani ukiisha kitabu anamwuzia wa nyuma yake. Pili, kizazi chote cha waandishi wa miaka ya 1960, walioishuhudia Hali ya Hatari kwa macho yao, kiko nje ya mlango huo kwa kuwa kiliandika Kiingereza.

Hivyo mwanafunzi wa Meru hukutana na ufisadi, ndoa za mapema na tamaa ya vigogo katika Kiswahili chake kizuri, lakini hakutani na Ngotho. Hakutani na homgadi, na handaki la kijiji, na usiku wa msako. Hayo anayapata katika somo la historia kwa mistari michache yenye tarehe.

Juni 2024 vijana wa Kenya walipojitokeza barabarani kupinga mswada wa fedha, wengine wakaingia hata bungeni, wazee wengi walishangaa. Walisema vijana hawa wametoa wapi maneno makali namna hii juu ya wakubwa wanaokula peke yao? Wangalisoma Kibera wasingalishangaa. Malalamiko yale yalikuwa yameandikwa miaka 50 na zaidi kabla. Jambo la kusikitisha ni kwamba vijana wenyewe nao hawakujua kwamba wana babu katika shauri hilo. Walidhani wao ndio wa kwanza kuuliza.

LA KUFANYA

Kulalamika peke yake hakutoshi, basi na tuseme la kufanya.

Wachapishaji wetu watafute ruhusa ya wenye haki, wachague hadithi nne au tano za Leonard Kibera na za ndugu yake, wazitie katika Kiswahili safi, pamoja na za Grace Ogot na wengine wa kizazi hicho. Wakati huu mtaala wa umilisi unapochukua mahali pa ule wa 8-4-4, nafasi ya kufanya hivyo ipo. Vitabu vipya vinatafutwa.

Serikali za kaunti za Embu, Meru na Tharaka-Nithi zina fedha za utamaduni, ambazo mara nyingi huishia katika vibanda vya maonyesho na ngoma za siku moja. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kuweka vitabu katika maktaba za Embu na Meru, na kuchapa jarida la miezi mitatu mitatu ambalo mzee wa Chuka, mama wa Runyenjes na mwendesha bodaboda wa Maua wataandika habari zao. Wazee waliobaki wa enzi ile wanapungua kila mwaka. Tukingoja miaka kumi tutakuwa tunaongea na makaburi.

Kuhusu shule ya Kangaru, sidhani wanafunzi wake wanahitaji mnara. Wanahitaji mwalimu mmoja mwenye moyo, atakayewaketisha Ijumaa alasiri na kuwaambia: katika shule hii alisoma kijana aliyeandika hadithi ya mtumishi na bibi wake. Sikilizeni.

Wako watakaosema Kibera hakuwa mtu wa Embu bali wa Kabete, kwa hiyo na wamsherehekee huko kwao. Jibu langu ni kwamba aliandika juu ya jambo ambalo mkoloni alitufunga kwalo pamoja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, na ambalo baada ya uhuru tulisahauliwa kwalo pamoja. Undugu wa namna hiyo hauulizwi mipaka ya kaunti.

Wako pia watakaosema kwamba hadithi zake zina huzuni mno, na wananchi wamechoka. Lakini Kibera hakuandika ili tulie. Aliandika jina la barabara kinyumenyume ili mwenye akili aligeuze. Kazi ya kuligeuza alituachia sisi, na kwa miaka 50 tumekuwa tukipita chini ya bango lile lile bila kuinua macho.